Amina ya Jioni

Juzi nilipita Rwamgasa, mtu wangu, nikakosa pa kusimama. Lile shimo letu limefukiwa. Juu yake kuna kibanda cha kuchaji simu, na mbele ya kibanda dada mmoja anauza uji wa mtama kutoka kwenye chupa ya chai. Nikaagiza. Akanimiminia huku anaongea na simu, usoni hata hakuniangalia, akaninyooshea kikombe kama anatoa risiti. Uji mtamu, sisemi uongo. Ila nilikaa nao mkononi mpaka ukapoa, nasubiri kitu. Dada akakata simu, akaniuliza, "Vipi, kuna nzi?" Nikamwambia hapana, hauna amina. Akasogeza chupa yake pembeni kidogo, kama unavyosogeza vitu akipita kichaa.

Simlaumu. Angemjua bibi yangu angenielewa.

Bibi ndiye alinilea, palepale. Alikuwa anawapikia wachimbaji wa lile shimo la dhahabu, sisi huku tunaliita duara. Asubuhi uji wa mtama wenye ukwaju, mchana ugali na dagaa. Sufuria lake lilikuwa kubwa, mtoto angeweza kuogea humo, na kabla hujauliza, ndiyo, nilishaogea. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuokota kuni, mshahara wangu ukoko. Mashine za kusaga mawe zikishawashwa, mnaongea kwa mikono. Vumbi lake jeupe lilitufanya watoto wote tuwe na mvi. Mwalimu wetu alikuwa anasema darasa lake limejaa wazee wasiojua kusoma.

Sasa bibi alikuwa na utaratibu wake. Hakupakua uji hivihivi. Kila upawa na mtu wake. Anachota, anaushika upawa juu ya kikombe, anaanza: "Mungu, huyu wa Kishapu mama yake anamsubiri, mwangalie. Huyu kifua kinamsumbua, mwangalie kifua." Akimaliza ndipo anamimina. Na vijana wana njaa, unafikiri wanataka hotuba? Utasikia, "Bibi, mimi sina shida nyingi, mimina!" Mwingine anasema, "Mimi niombee kwa kifupi, ila upawa uwe mrefu." Bibi anacheka, lakini hafupishi.

Halafu haweki amina. Anamimina, anaita anayefuata. Nilimuuliza siku moja, maana kanisani tulifundishwa sala bila amina ni kama barua bila stempu. Akanijibu, "Amina ni ya jioni. Mtu yuko shimoni, ombi nalo liko shimoni. Utafungaje mlango na watoto wako nje?"

Basi jioni wanatoka mmoja mmoja, weupe kama walioangukia kwenye pipa la unga, na kila anayetoka anapaza sauti, "Amina, bibi!" Bibi anajibu, "Amina, baba." Hata yule Mwislamu wa kutoka Tabora aliitikia, akasema hiyo kwao nayo ipo. Aliyekuwa haitikii ni mmoja tu, mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi mwenyewe. Alikuwa anaona aibu mbele ya wenzake. Akitoka anapita kimya, anajifanya anatafuta ndala. Bibi anamjibu hivyohivyo, "Amina, baba," kama vile ameitikia.

Kuna mtu mwingine lazima nikuambie. Mwenye duara. Kanisani alikaa benchi la mbele, na akiomba, macho ameyafumba kwa nguvu, mabati yalitetemeka. Ilikuwa haki yake, mabati yenyewe alitoa yeye. Mwinjilisti wetu alikuwa anamsubiri amalize hata kama viazi vinaungua nyumbani.

Kikaja kipindi mawe yakakataa. Wanashuka, wanatoa viroba na viroba, wakisaga hamna kitu. Vijana wakaanza kununa. Mjomba ndiye alinuna kuliko wote, maana alikuwa na mchumba, na kwetu Usukumani huoi kwa maneno matamu, unaoa kwa ng'ombe. Mwenye duara akapungua uzito, na siku moja akaleta mganga.

Mganga akazunguka shimo, akanusa mawe, akaja mpaka jikoni kwetu. Akamwangalia bibi machoni. Akamwangalia tena. Akaguna, akaondoka.

Macho ya bibi yalikuwa mekundu, mtu wangu, mekundu kama pilipili zilizoiva. Ni moshi tu. Pika kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe tangu usichana wako, uone yako yatakuwaje. Ila kwetu, bibi kizee mwenye macho mekundu, jambo baya likitokea mtaani, watu hawaulizi sana, mchawi wameshampata. Yule jirani yetu wa nyuma, mama muuza dagaa, alishamzika mama yake mzazi kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa hasimulii. Alikuwa tu anamshauri bibi anunue miwani ya jua.

Mchana ule mwenye duara akaja na kifurushi cha karatasi ya gazeti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Hii kesho uitie kwenye uji wa vijana. Ni ya kufungua mawe. Ila wasijue. Wakijua, imekufa."

Bibi akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akakinusa. "Imetoka duka gani?"

"Mama, usiniulize hivyo."

"Nauliza kwa sababu ni watoto wa watu. Nikiwapa kitu nakuwa nakijua."

Mwenye duara akasema taratibu, akiangalia kibanda chetu, kile alichokijenga yeye kwenye kiwanja chake, "Mama, unalala wapi?" Halafu akaenda zake.

Bibi akanishika mkono, tukaenda kwa mwinjilisti. Tulimkuta anakoboa mahindi. Alimsikiliza bibi mpaka mwisho, akaangalia chini, akaangalia juu. Juu kulikuwa na mabati.

"Mama, unga ni unga tu," akasema. "Wewe weka, kisha uombe. Mungu anaangalia moyo."

"Ndiyo shida yenyewe, mwinjilisti," bibi akasema. "Akiuangalia, ataukuta nimeufunika na kitambaa."

Hakusema kwa kumsuta. Alimwambia wabeja, asante kwa kutusikiliza, tukaondoka. Njiani alikuwa ananiuliza habari za shule. Mimi nataka kulia, yeye ananiuliza saba mara nane.

Asubuhi mwenye duara alikuja mwenyewe, akasimama karibu na jiko, mikono kwenye mifuko ya koti. Uji ukachemka. Vijana wakajipanga na vikombe. Nilikuwa naangalia pindo la kitenge cha bibi, pale alipofunga kile kifurushi. Mkono wake ukashuka pale. Akakitoa. Mwenye duara akapumua.

Bibi akakiweka juu ya meza, karibu na kopo la sukari, akakifungua.

"Wanangu," akasema, "hii imeletwa niitie kwenye uji wenu msijue. Sijaitia. Mimi nilichotia ni mtama, ukwaju na sukari. Anayeitaka iko hapa, atie mwenyewe kwenye kikombe chake. Simkatazi mtu. Ila siwezi kuwaombea kwa mdomo huku mkono unawaficha."

Mashine zilikuwa bado hazijawashwa. Uji peke yake ndio ulikuwa unasema, paku, paku. Mwenye duara alikuwa anamwangalia bibi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Umeiua dawa, bibi," mmoja akasema. Hakuwa anatania.

"Huyu bibi anatutakia nini?" mwingine akadakia.

Halafu mkono ukanyooka mezani. Niliujua ule mkono kabla sijaona uso. Mjomba. Akachota vidole vitatu vya ule unga, akautia kwenye kikombe chake, akawa anamwangalia mama yake usoni, kama anamwambia, haya, niombee sasa.

Bibi akachota uji. Akaushika upawa juu ya kile kikombe chenye unga mweusi. Mimi nikajua leo atafupisha, au ataruka.

"Mungu," akasema, sauti ileile, "huyu ni wangu wa mwisho. Ana haraka. Mwangalie anapokanyaga, mwangalie na anaposhika. Akichoka, mkalishe. Akiogopa, usimwache peke yake." Na mengine, yote, hakupunguza hata moja. Akamimina. "Anayefuata."

Walipokwisha kushuka, mwenye duara akamsogelea. "Jioni nisikute sufuria hapa."

Tukafunga vitu. Mama muuza dagaa akaleta baiskeli yake, tukafunga magodoro na sufuria ndogo. Ilipofika saa za ugali, ugali haukupikwa, na upande wa ziwani mbingu ikawa nyeusi. Mvua ya kwetu haikupigii hodi. Na duara likiingia maji, matimba, yale magogo yanayoshikilia udongo, yanaanza kuteleza.

"Mayu, mama yangu, twende," jirani akamwambia bibi, anahema. "Twende sasa hivi. Kitu kikitokea humo ndani leo, unajua watasema nani. Umeshaitangaza dawa, na macho yako hayo!"

Bibi akalichukua lile sufuria kubwa, akaligeuza, akalikalia mdomoni mwa shimo.

"Sijasema amina," akasema.

Mvua ikaanza. Matone makubwa, yale yanayoumiza. Juu wakatikisa kamba kuwaita walioko chini, na watu wakaanza kujaa, kutoka kwenye mashine, kutoka madukani. Nilisikia mtu nyuma yangu, "Ndiye huyo." Mwingine, "Yaangalieni macho." Nikageuka, nikaona jamaa ana jiwe mkononi. Kwenye mgodi kila mtu ana jiwe mkononi, hiyo ni kweli. Ila lile alikuwa amelishika vibaya.

Wakaanza kutoka. Wa kwanza akapita bila kuitikia. Bibi akasema mwenyewe, polepole, "Amina, baba." Wa pili, kimya. "Amina, baba." Yule wa Kishapu akatoka, akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. "Amina, baba." Wote wakanyamaza, na bibi aliwafungia mlango mmoja mmoja, maji yanamtiririka usoni. Mimi nimeshika kitenge chake.

Yule Mwislamu wa Tabora akatoka, akasema amebaki mmoja. Gogo limeteleza, yule kijana amelishikilia kwa bega ili wenzake wapite.

Hakuna aliyeuliza kijana gani. Maji mekundu yalikuwa yanaingia shimoni kwa sauti, kama mtu anakunywa. Kamba imelala. Mwenye duara akasema kwa nguvu, watu wote wasikie, "Si nilisema mimi? Huyu mama ana jambo." Mduara wa watu ukasogea. Jirani akaniita kwa mkono, niende kwake, haraka. Bibi hakugeuka nyuma hata mara moja. Alikuwa anaiangalia ile kamba kama unavyomwangalia mtoto anayejifunza kutembea.

Kamba ikatikisika.

Vijana wakaivamia, wakavuta. Kikatoka kitu cha tope chenye macho mawili na kiatu kimoja. Mjomba. Bega limechubuka. Akajifuta uso, akaona umati, akaona lile jiwe, akaona mama yake amekaa juu ya sufuria kwenye mvua. Na wenzake wote wanamwangalia.

"Amina, mama," akasema.

Kwa sauti. Kisha yule wa Tabora naye, "Amina, bibi." Kisha yule wa Kishapu, na wengine, kama watoto waliokumbushwa salamu. Yule jamaa akalitupa jiwe lake kwenye rundo, likawa jiwe kama mengine.

"Amina, baba," bibi akajibu. Akasimama, akalikung'uta sufuria. "Haya. Sasa twende."

Tukahamia Geita mjini, mjomba akisukuma baiskeli. Siku nyingi baadaye duara lilitoa dhahabu. Mwenye duara alisema ni mganga, mwinjilisti alisema ni maombi ya kanisa. Yule wa Kishapu akaja mbio mpaka Geita kumpa bibi habari, akamkuta anakaanga maandazi. Bibi akamuuliza, "Wote mmetoka?" Akasema wote. "Basi vizuri. Mimi mawe sikuwahi kuyaomba. Kula andazi."

Sasa hivi dhahabu ipo nyingi kuliko zamani. Mashine kubwa, taa, wanunuzi na mizani zao. Makanisa nayo yapo, yenye spika, na amina zinamwagika tangu asubuhi, za bure, hata kwa ombi ambalo halijavaa viatu. Nami naitikia, nisije nikaonekana mpagani. Lakini sijapata tena mtu wa kunishikia upawa juu ya kikombe, ajue kifua changu, kisha akae mlangoni mpaka nirudi.

Tulimzika bibi wakati wa kiangazi, udongo mgumu kama wa duarani. Mchungaji akaomba vizuri, jeneza likashuka kwa kamba, akamaliza, na watu wote wakasema amina. Nikamwangalia mjomba. Ana ng'ombe, ana mke, ana kitambi. Mdomo ameufunga kabisa. Nami nikaufunga wangu.

Shangazi mmoja akatufinya: hamna adabu, hata amina?

Mjomba akamwambia, "Shangazi, si bado hajatoka."