Maharage Yenye Majivu

Leo muuza mbegu amenimwagia maharage kwenye beseni, na majivu ya kuzuia wadudu yakanipanda puani.

Kule kwetu Masisi, nilipokuwa mtoto, akina mama wa kanisa walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya chakula cha familia zilizokimbia vita, zilizokuwa zikilala shuleni. Jirani alitoa viazi. Mama yangu akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha nyuma ya jiko, akaanza kumimina maharage kwenye kikapu chao. Majivu yalitukohoza sote.

Mmoja wa wale akina mama akamshika mkono. "Mama, hii njo mbegu! Haiko ya kukula."

"Mutaiosha. Mubebe."

"Na wewe utapanda nini?"

Mama akatazama mlima wa ng'ambo. Tangu jana milio ya risasi ilikuwa imesogea karibu.

"Bakule tu," alisema. "Siye hatutavuna."

Akapigapiga kibuyu mpaka punje ya mwisho ikaanguka.

Mimi nilifurahi. Kikapu kilijaa kwa maharage yetu, nikawaita wenzangu waje waone. Nyuma yetu shamba lilikuwa limeshalimwa, udongo mweusi bado una unyevu, mistari imenyooka mpaka chini mtoni.