Fundi Aliyeogopa Matundu Matatu

Asubuhi, mtaa haujachangamka, fundi ameshakaa kwenye cherehani kibandani kwake. Mdomoni amebana pini, mkononi ana gauni la mjamzito. Ubavuni anakunja ndani akiba ya kitambaa, upana wa vidole viwili.

"Tumbo likikua tunafumua hapa, tunaachia kidogo," anasema akizitoa pini. "Mteja asije akanisema nimemnyima pumzi!"

Ni mtu wa utani, wateja hawaishi kucheka. Lakini wakimuuliza yeye ana watoto wangapi, anainamia kazi yake.

Mwaka juzi alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, aliyoisubiri mpaka majirani wakachoka kuuliza. Yakamwanza maumivu upande wa kulia. Hospitalini akaambiwa kidole tumbo kimevimba, kitolewe. Hawangempasua tumbo zima: wangetoboa matundu matatu madogo, wapitishe kamera na vyuma vyembamba. Daktari alimweleza kwamba hakuna upasuaji usio na hatari, ila wajawazito wengi hufanyiwa upasuaji huo na watoto wao huzaliwa salama. Kuchelewa ndiko kubaya zaidi.

Mumewe alikubali. Fundi akagoma.

"Niliwaza kifundi," anasema. "Kitambaa ukikitoboa halafu kikavutwa, tundu linachanika. Nikajiambia, tumbo bado linakua, haya matundu yataachia na mwanangu yumo ndani. Daktari sikumuuliza. Niliona aibu kumfananisha mtoto na gauni."

Akaomba dawa, akarudi nyumbani. Wiki haikuisha, kidole tumbo kikapasuka. Akafanyiwa upasuaji wa dharura, safari hii kwa mkato mrefu. Yeye akapona. Mtoto, wa kike, hakupona.

"Mume wangu hajanilaumu hata siku moja. Bora angenigombeza, nikajua moja."

Mwezi uliopita dada wa mumewe, mjamzito naye, alikutwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo. Akashauriwa upasuaji wa aina hiyohiyo. Akaja kibandani analia: "Wifi, si watamtoboa mtoto?"

Fundi alifunga kibanda wakaenda pamoja. Huko akajikaza, akauliza lile swali la kitambaa. Daktari hakucheka. Alisema nyama na ngozi hujiunga zenyewe, kitambaa hakijiungi. Na vyuma huongozwa kwa kutazama picha za kamera kwenye kioo cha kompyuta, ili visimguse mtoto alipolala.

"Jibu lenyewe ndilo hilo," fundi anasema, machozi yakimlengalenga. "Dogo hivyo!"

Wifi yake alifanyiwa upasuaji, na mimba inaendelea vizuri. Fundi anashukuru, wala hafichi kwamba inamuuma.

Ameambiwa hata yeye anaweza kushika mimba tena. Anasema moyo bado haujakubali. Kwanza kuna ahadi.

"Wifi anataka niwepo akijifungua. Nitakwenda. Ila nimeshamwambia, nikimpakata huyo mtoto nikaanza kulia, asininyang'anye. Aniache kwanza nilie naye."