Neno la Wazee Watatu

Zakayo Khaemba alikuwa mkulima wa wimbi na mahindi nje kidogo ya Kimilili, na kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa wazee walioketi katika korti ya wenyeji pale sokoni. Korti hiyo ilisikiliza mambo ya nyumbani: mpaka wa shamba uliosogezwa, ng'ombe wa mahari, mke aliyerudi kwao. Wazee waliuliza maswali mpaka kila mtu akachoka, kisha wakakubaliana, na mwenyekiti akatamka uamuzi. Asiyeridhika aliweza kupanda kwa DC, mkuu wa wilaya, ila wengi hawakupanda. Walikwenda zao wakinung'unika, na mwaka ukiisha walikuwa wamesahau. Khaemba aliipenda kazi ile. Mkewe, Jentrix, alizoea kumtania kwamba hata kuku wakigombana uani, yeye atauliza nani alianza.

Mwaka wa 1938, baada ya mavuno, askari kanga wa chifu alimletea wito wa kwenda Kitale. Jaji wa Korti Kuu alikuwa anakuja kutoka Nairobi kusikiliza kesi za mauaji. Kesi za namna hiyo hazikuwa za wazee wa Kimilili, wala hakimu wa Kitale hakuwa na ruhusa ya kuzimaliza. Hakimu alizipima tu, na akiona zina uzito alimwachia jaji. Mzungu akishtakiwa, Wazungu wenzake ndio walioketi kumwamulia. Mwafrika akishtakiwa, jaji aliketi na wazee watatu wa baraza wanaojua desturi za watu, wampe maoni yao.

"Sasa unaenda kuketi na jaji!" Jentrix alisema huku akimpigia pasi koti la kanisani.

"Ni kazi ile ile," Khaemba alijibu, lakini moyoni alikuwa amefurahi.

Aliyesimamishwa kizimbani alikuwa kijana aitwaye Barasa, mwendesha plau ya ng'ombe katika shamba la setla mmoja wa Kizungu. Aliyekufa alikuwa Wekoye, nyapara wa shamba hilo. Wekoye alikuwa amemwamuru Barasa ahame kibanda chake, akakataa kwa sababu mkewe alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Asubuhi moja, watu wakikamua ng'ombe, Wekoye alikwenda kumtoa kwa nguvu. Barasa alimpiga mara moja tu kwa mpini wa jembe.

Hayo yote Barasa hakuyakana. Tatizo lilikuwa jeraha. Daktari alisema liko kisogoni, na mwendesha mashtaka akasema mtu anayepigwa kisogoni ni mtu aliyekwisha kugeuka aende zake.

"Alikuwa anaingia," Barasa alisema. "Alikuwa ameinama mlangoni, na panga mkononi. Mtoto alikuwa amelala karibu na mlango."

Shahidi asiye wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, mchungaji wa ng'ombe aitwaye Kimeli. Alimwona Wekoye akienda kwenye kibanda na panga, akasikia mwanamke akipiga mayowe, na alipofika alimkuta nyapara amelala nje. Kilichotokea hapo katikati hakukiona.

Siku ya pili jaji aliwageukia wazee. Mkalimani, Mbukusu aliyesoma misheni na kuitwa Absalom, aliwaambia waseme mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Gicheru, mfanyabiashara aliyetoka Nyeri na kuhamia Kitale zamani. Alisema Barasa hana hatia. Wa pili, mzee kutoka Sirisia, alisema vivyo hivyo. Khaemba akasimama wa mwisho.

"Mlango wa nyumba ya mfanyakazi ni mfupi," alisema. "Mtu mzima haingii humo wima. Ukitanguliza kichwa, aliye ndani anaona kisogo chako. Huyu kijana alikuwa anamkinga mtoto. Mimi ninasema hana hatia."

Absalom alitafsiri polepole, jaji akaandika. Barasa, aliyekuwa amesikia wazee watatu wakisema neno moja, alitabasamu, akamgeukia askari na kumnyooshea mikono yake yenye pingu.

Jaji hakuwa mtu mkali. Aliwashukuru wazee na kusema kuwa maneno yao ameyatia maanani. Lakini sheria, alisema, inamtaka awasikilize, haimlazimishi kuwafuata. Kama marehemu alipigwa akiingia, angeangukia ndani, naye aliokotwa nje. Khaemba alikuwa na jibu: mtu aliyepigwa huweza kurudi kinyumenyume kabla ya kuanguka. Aliinuka nusu. Absalom akamtikisia kichwa. Zamu ya wazee ilikuwa imekwisha.

Kisha jaji akawekewa kitambaa cheusi kichwani, na Absalom akalazimika kuyasema kwa Kibukusu maneno ya kunyongwa. Barasa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na wale wazee?"

Askari akamshika mkono, akamshusha kizimbani.

Nje kwenye baraza Khaemba alimshika mkalimani mkono. "Haya yanaishia hapa?"

"Kuna rufaa, mzee. Majaji wengine watasoma yaliyoandikwa. Wakikataa, anabaki Gavana, anaweza kumhurumia."

"Watatuita sisi?"

"Hapana. Watasoma tu."

Khaemba alirudi nyumbani, na hata kabla koti halijatundikwa, mama yake Barasa, Nanyama, akafika. Alitoka upande wa Lugulu kwa miguu, amebeba kuku. Alikuwa amesikia kwamba wazee wote watatu walimtetea mwanawe.

"Nimekuja kushukuru, mzee. Sasa nimpikie lini? Watamwachilia wiki hii?"

Khaemba alimweleza. Akarudia kueleza. Nanyama alimhamishia kuku mkono wa pili.

"Ngoja. Ninyi mlisema hana kosa."

"Tulisema, mama."

"Nani alisema ana kosa?"

"Jaji."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Sasa ninyi mlikuwa mnafanya nini pale?"

Jentrix ndiye aliyemshika mama yule na kumkalisha, akampa uji. Haukunyweka. Alipoondoka alimwacha yule kuku uani, maana alisema hana wa kumchinjia.

Rufaa ilikataliwa, na Gavana hakumhurumia. Barasa alinyongwa Nairobi na kuzikwa huko huko gerezani. Nanyama alitaka angalau apewe mwili, akaenda kwa chifu, chifu akampeleka kwa DC, na karani wa DC akamwambia sheria hairuhusu. Baada ya hapo hakuonekana tena Kimilili, hata siku za soko.

Mwaka uliofuata wito ulikuja tena. Khaemba alikwenda kwa karani kuomba aachwe. Karani akamwambia kukataa ni kosa lenye adhabu. Basi akaenda Kitale, akaketi, na safari hii alipoulizwa alisema, "Bwana Jaji anajua." Jaji akamwambia hilo si jibu, aseme anavyoona. Akasema anaona mshtakiwa ana hatia. Hakuwa anaona hivyo, wala hakuwa anaona kinyume chake. Hakuwa amesikiliza. Mshtakiwa alihukumiwa, naye Khaemba akashukuriwa kama mara ya kwanza.

Tangu hapo akaacha na kiti chake cha Kimilili. Alisema miguu inamuuma. Siku moja majirani wawili, ndugu wa baba mmoja, walikuja uani kwake wakibishana juu ya mpaka.

"Nendeni sokoni kwa korti," aliwaambia.

"Korti ni wewe, mzee. Tangu zamani tunakujua. Sema neno tu, tutalifuata."

"Neno gani? Sina."

Wakaondoka, kila mmoja kwa njia yake. Kabla ya mwezi kwisha walikatana kwa panga pale pale mpakani, mdogo akafa, na mkubwa akapelekwa Kitale kungoja jaji. Jentrix alileta habari hiyo akitokwa na machozi. Khaemba alikuwa anapepeta wimbi. Aliendelea kupepeta, na jioni hakula.