Mafuta Juu ya Meza ya Marehemu

Mimi ndiye niliyesema mbele ya wanawake wote, "Meza iyi ikuje kwangu. Kwangu hakuna mutoto atayigusa."

Jirani yangu alikuwa amefiwa na mumewe asubuhi ile, na kama ilivyo desturi mtaani kwetu, saloni yake, yaani sebule, ilikuwa inatolewa vyombo ili watu wapate pa kutandika mikeka. Viti vilipelekwa nyumba ya tatu, kabati ng'ambo ya barabara. Meza niliitaka mimi, kwa kuwa napenda kuonekana mwangalifu. Marehemu alikuwa fundi seremala. Aliitengeneza kwa mikono yake mwaka waliooana, akaipaka verni tabaka juu ya tabaka mpaka ukiinama unaiona pua yako.

Siku ya tatu, siku ya kuondoa matanga, nilipika nyama nyumbani. Sakafu ilijaa masahani, sufuria ilikuwa inaniunguza vidole, nikaitua juu ya ile meza. Dakika moja tu, nilijiambia. Nilipoinyanyua, mafuta yalikuwa yamechora duara zima.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumgombeza wifi yangu, ambaye hata ndani hakuwa ameingia. Cha pili, nikashika sponji ya kusugulia masufuria. Nikasugua kwa hasira. Mafuta yakatapakaa, na pale niliposugua, verni ikafa mng'ao. Baada ya swala ya adhuhuri ndugu za marehemu wangekuja kuichukua meza. Niliogopa, sifichi.

Wifi, pamoja na matusi yangu yote, alikwenda akarudi na chupa ya alkoli ya kusafishia vidonda.

"Weka iyi, wifi. Inatoa kila kitu."

Nilikuwa nimeshafungua kifuniko. Harufu ndiyo iliyonizuia, maana karakana ya marehemu ilinuka vile vile. Siku aliponiletea kabati langu aliniambia kwamba verni yake huiyeyusha kwa alkoli, kwa hiyo alkoli ikiigusa itaivua yote. "Mafuta unayanyweshea unga," alisema, "apana kupigana nayo. Na maji ya sabuni uyajaribu kwanza pahali mutu haoni."

Nikafunga chupa. Nikanyunyiza unga wa muhogo juu ya mafuta na kungoja. Kungoja si kazi yangu. Nilizunguka chumba nikimlaumu wifi kwa kupumua. Unga ulipolowa niliupangusa, nikanyunyiza mwingine. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Nilijaribu kwanza chini ya meza, karibu na mguu. Verni ikavumilia. Nikakamua kitambaa laini mpaka kikabaki na unyevu tu, nikapangusa taratibu kufuata nyuzi za mbao, nikakausha papo hapo. Adhana ilipolia, mafuta yalikuwa yametoka.

Lakini pale nilipopita na sponji palibaki pamefifia, ukubwa wa kiganja. Nikatandika kitambaa changu cha kufuma juu yake, kile kizuri cha sikukuu.

Wanaume waliibeba meza, mimi na wifi tukafuata nyuma na ile sufuria ya nyama. Mjane alikuwa mkekani, ameanza eda. Wanawake walinong'ona kwamba tangu siku ya maziko hajatoa chozi, na wengine walimsema vibaya. Aliitazama meza ilipowekwa mahali pake.

"Nani amevalisha meza yangu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Marehemu hakutaka kabisa kitambaa juu ya meza ile. Alisema hakuipaka verni ili ifichwe.

"Ni mi, dada," nikasema. "Sufuria ilikuwa yangu. Aliyesugua ni mi."

Wifi aligeuka kunitazama. Mjane alivuta kitambaa, akaweka mkono juu ya palipofifia na kupapasa. Nilisubiri anigombeze, na nilitamani anigombeze.

"Sasa nani atayipaka verni?" akauliza.

Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka jibu, na macho yakaenda kwenye mlango wa karakana. Akauliza tena, sauti ikamkatikia katikati, na hapo ndipo akamlilia mumewe. Nilikaa kando yake mkekani nikalia naye, na nyama yangu ikapoa mlangoni bila mtu kuigusa.