Siku Elvira Alipomfungulia Mlango Mumewe

Nikinusa sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu, masikio yangu hurudi moja kwa moja kwenye sauti ya mama yangu akitafsiri Kifaransa. Vitu hivyo viwili vilikwenda pamoja kila Jumapili alasiri, katika sebule ya Mama Olive, mtaa wa Nengo, mjini Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama Olive alikuwa mke wa mtu wa forodha na ndiye peke yake kwenye njia yetu aliyekuwa na televisheni. Wake wa wavuvi walipanda kutoka ufukweni na sambaza wao wamefungwa kwenye karatasi, maana hakuna aliyethubutu kuingia nyumba ya mwenzake mikono mitupu, na harufu ile ya mafuta ilichanganyika na ya nta nyekundu iliyosuguliwa sakafuni asubuhi kabla ya misa. Tulijazana mpaka vioo vya madirisha vikatoa jasho. Miaka ile ilikuwa ya wasiwasi, watu walijifungia ndani mapema, na alasiri ile ya Jumapili ndiyo iliyokuwa starehe yetu yote.

Tulichokuja kuona ni tamthilia ya mbali, ya watu wenye majumba meupe na farasi, ambayo ilikuwa imechukua karibu miaka miwili bila dalili ya kwisha. Mwanamke mmoja, Elvira, aliachwa na mumewe Ramiro, akasingiziwa wizi, akafungwa, akatoka, akafungua duka la nguo, na muda wote huo Ramiro alikuwa akila raha kwa mwanamke mwingine. Waigizaji walitiwa sauti za Kifaransa, na Kifaransa chenyewe kilikimbia kama mtu anayefukuzwa. Mama yangu, aliyesoma kwa masista kule Goma kabla ya kuolewa na ambaye wakati ule alipiga taipu katika ofisi ya komini, serikali ya mahali petu, alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, sikio moja kwenye spika na uso wake kwetu. Alitafsiri kwa Kiswahili. Kinyarwanda kilikuwa lugha ya nyumbani kwa wengi wetu, lakini Kiswahili ndicho kilichotumika kuuzia samaki, na sisi tuliorudi kutoka Kongo tulikuja nacho mdomoni. Hakuwa mtu wa kupamba. Elvira akilia, mama hakulia. Alisema tu maneno yake, kavu, na sisi ndio tuliolia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikaa miguuni pake, na nilijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Kwetu sisi Elvira hakuwa mtu wa mchezo wa kuigiza. Alipofungwa, Mama Kazungu, mke wa mvuvi, mwanamke wa sauti nene na kicheko kilichofika kabla yake, alisimama kwenye sala ya wanawake wa shirika letu akaomba mafungu mawili ya rozari kwa ajili ya "dada yetu mwenye iko gerezani bure". Wote walipiga magoti, hata waliojua vizuri kwamba gereza lenyewe lilijengwa kwa mbao na rangi. Wiki mbili baadaye Elvira akaachiwa. Mama Kazungu alipokea pongezi njiani kama aliyemtoa yeye mwenyewe kwa mkono, na tangu siku hiyo hakuna aliyemzidi kwa uchungu wa tamthilia ile. Nasimulia haya ili ieleweke uzito wa yaliyofuata, kwa sababu jambo la Elvira lilikuwa jambo letu, na lilikuja kuwa la nyumbani kwetu zaidi kuliko kwa yeyote.

Baba hakuvuka mpaka pamoja nasi. Tuliporudi Rwanda alibaki Goma na biashara yake ya vitenge, akasema atatufuata, na aliyemchelewesha alikuwa mwanamke wa huko Birere ambaye kila mtu alimjua kwa jina isipokuwa sisi watoto. Mama hakusema neno baya juu yake. Alipanga chumba kimoja, kisha viwili, akatununulia magodoro, akatupeleka shule. Halafu biashara ya vitenge ikaanguka, mwanamke wa Birere akachoka, na shangazi yangu Ursula, dada mkubwa wa baba aliyeishi Rugerero, akaanza kupita kwetu na ndizi na maneno matamu. Baba alikuwa tayari kwake, alisema, amekonda, anatia huruma. Mama alimkaribisha chai. Shangazi alipoona chai haimfikishi popote, Jumapili moja alikuja mpaka kwa Mama Olive, akangoja picha iishe, akamwambia mama mbele ya wanawake wote:

"Mama Mapendo, banasema imebaki Jumapili tatu tu. Tungoje mwisho. Elvira akimusamehe bwana yake, na we umurudishe wako. Bamama hawa banasikia."

Sebule nzima ilicheka, lakini kicheko cha watu wanaotaka jibu. Mama alikuwa akijifunga kitambaa kichwani. "Sawa," akasema. "Tungoje."

Basi mtaa ukagawanyika. Mtu akienda kuchota maji kwenye bomba aliulizwa yuko upande gani. Wengine walisema mtu hafichi moyo wake miaka miwili kwa ajili ya kuuza nguo, Elvira atamfungulia tu. Mama Kazungu aliapa kwamba akifungua, yeye hatakanyaga tena kwa Mama Olive. Nyumbani mama alipika na kupiga pasi kama kawaida. Mimi nilimtamani baba. Niliikumbuka harufu ya vitenge vipya kwenye shati lake, na namna alivyokuwa akinibeba mabegani sokoni. Na papo hapo nilipomtazama mama akitufunga kamba za viatu mlangoni asubuhi, akiwa ameshasimama saa nyingi kabla yetu, nilisikia hasira kwamba suala lake limewekwa mikononi mwa mwanamke wa kwenye kioo.

Jumapili ya mwisho shangazi alifika wa kwanza. Alivaa mushanana, vazi lake la harusini la kufunga begani, la rangi ya zambarau, akakaa kiti cha mbele kabisa na kikapu magotini. Baba alikuwa Rugerero, nguo zake zimefungwa, anangoja kuitwa. Hilo shangazi alilisema kwa kila aliyeingia. Mvua ilinyesha kidogo kisha ikakatika. Mama alikuja na gauni lake la kazini, akakaa kwenye kigoda chake kama kawaida, akaomba watu wasiongee. Hata Mama Kazungu alifunga mdomo akashika rozari.

Mwisho wenyewe ulikuja hivi. Ramiro, amelowa chapachapa, ndevu zimemjaa, anapiga magoti mbele ya mlango wa Elvira. Elvira anafungua. Anamtazama muda mrefu, muziki unapanda, kisha anasema: "Je te pardonne. Entre, cette maison est la tienne." Nililielewa neno lile la kwanza kabla mama hajafungua kinywa. Shuleni tulisali Baba Yetu kwa Kifaransa kila asubuhi, na neno la kusamehe limo humo. Kwenye sebule ile, mume wa Mama Olive akiwa kazini mpakani, Mama Olive mwenyewe akiwa jikoni, na shangazi asiyejua hata "bonjour" vizuri, hakuna mwingine aliyelielewa. Mama angeweza kusema lolote. Angeweza kusema, anamwambia ondoka. Nilimtazama shingoni kutoka pale chini, nikaona mshipa mmoja unapiga.

"Anasema," mama akatafsiri, "nimekusamehe. Ingia, nyumba hii ni yako."

Shangazi alipiga vigelegele mpaka kikapu kikaanguka. Wengine walipiga makofi, wengine waliguna. Mama aliinua mkono, watu wakanyamaza, maana maneno yalikuwa hayajaisha, akaendelea kutafsiri hadi la mwisho: kwamba Elvira hakupitisha siku bila kumkumbuka, kwamba taa ya dirishani aliiwasha kwa ajili ya Ramiro. Alitafsiri kavu, kama siku zote. Hakuruka hata kipande. Majina yalipoanza kupanda kwenye kioo, alisimama na kujipangusa gauni.

"Bon. Nimewaambia yenye Elvira alisema, sikupunguza kitu. Sasa musikie ya Mama Mapendo. Ramiro alikuya ye mwenyewe, alipiga magoti ku mlango. Wangu alituma dada yake. Kumusamehe, nilisha kumusamehe zamani, na batoto ni bake, akuye abaone. Lakini nyumba ile ni mi nilipanga, ni mi nalipa. Haiko yake."

"Ulisema tungoje!" shangazi akapaza sauti.

"Nilisema tungoje, dada. Tumengoja. Imeisha."

Halafu Mama Kazungu akaweka rozari chini, akasimama na mwili wake wote, akasema, "Eee! Hiyo njo mwisho! Ile ingine ilikuwa ya bure," akapiga kigelegele kikubwa kuliko cha shangazi, na wale wale waliokuwa wamempigia Elvira makofi wakampigia mama. Nilivimba kifua kwa fahari. Sikuwahi kuona mtu akishindwa na kushinda ndani ya dakika moja, na bila kudanganya mtu.

Shangazi aliondoka bila kuonja chai, jambo zito kwetu. Lakini mama hakukubali aende peke yake. Alimwokotea kikapu, akanishika mkono, tukamsindikiza mpaka barabara ya Rugerero kama anavyosindikizwa mgeni wa heshima. Tulitembea hadi karibu na mikaratusi. Hapo shangazi akasimama.

"Kweli Elvira alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Ungesema ingine, nani angejua?"

"Mi ningejua," mama akajibu. Kisha akanigusa kichwani. "Na huyu angejua."

Hakuwahi kuniuliza kama nilielewa Kifaransa cha sebuleni. Alijua tu. Nimepata vyeti baada ya hapo, na kupeana mikono na wakubwa, lakini sijapata tena sifa iliyonipasha moto mwili mzima namna ile.

Baba alikuja kutuona Jumapili zilizofuata, na nyingi baada ya hizo, akakaa barazani akala chakula cha mama, akarudi kulala Rugerero. Sasa kila nyumba ya Nengo ina kioo chake, na kila binti ana simu anayotazamia tamthilia yake peke yake, vipokea sauti masikioni, imeshatafsiriwa tayari na watu asiowajua. Silaumu, nami nafanya hivyo hivyo nikichoka. Ila hakuna anayenyamazishwa kwa mkono ulioinuliwa, na hakuna anayeletewa sambaza. Mimi ni mkalimani, natafsiri kwenye mikutano, na nikikaa kwenye kile kibanda chao na kuvaa vile vifaa vyao huwa natafuta kigoda.

Mwaka jana, kwenye harusi ya mjukuu wake, Mama Kazungu, mzee sasa lakini sauti ni ile ile, alikuwa amezungukwa na wasichana akiwasimulia mambo ya zamani, mama yangu amekaa pembeni yake anasinzia. Nilifika wakati amefika kwa Elvira. "Bwana yake akapiga magoti ku mlango," alisema, "na mvua inamunyeshea. Elvira akamuangalia, akamuambia: nilisha kukusamehe, lakini nyumba ni mi nalipa. Akafunga mlango, pwaa!" Wasichana walipiga makofi. Mama alifumbua jicho moja akanitazama. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutoongeza na kutopunguza, sikumsahihisha, nikamwongezea Mama Kazungu chai.