Komeo la Bi Fahima na wasichana watano wa ghorofani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtaa wa Langoni, Lamu. Bi Umulkheir Dawud anaopoa mahamri ya mwisho kutoka kwenye karai, anapanga manne juu ya sahani ya bati yenye maua mekundu, anaifunika kwa kawa. Kisha anasogea kwenye ukuta wa jikoni na kukigonga kidirisha cha mbao kwa kifundo cha kidole.

Kila siku kidirisha hicho hufunguka. Mkono wa jirani yake, Bi Fahima, hutokeza, huichukua sahani na kurudisha ya jana ikiwa na chochote: ndimu, ukwaju, kipande cha papa. Nyumba zao zimeegemeana, na tangu zamani wanawake wa nyumba hizo wamepeana vitu na maneno bila kutia mguu nje.

Leo hakifunguki.

Anagonga tena. Upande wa pili anasikia nyayo zikija na kusimama karibu kabisa. Halafu anasikia komeo likisukumwa.

"Fahima?" anaita. "Shoga, ni mimi."

 Anairudisha sahani mezani na kawa yake.

"Nilimsikia akifunga," anasema baadaye, ameketi kwenye kibao cha mbuzi bila kukuna nazi yoyote. "Nimekaa na Fahima ukuta mmoja tangu tulipokuwa maharusi. Mlio wa komeo lile sikuwa naujua."

Bi Umulkheir ana umri wa miaka hamsini na minane. Alizaliwa Kipungani, akajifunza kusuka mikeka kwa mama yake, akaletwa mjini kuolewa. Hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki alibaki na dada yake, Somoe, na miaka miwili iliyopita Somoe naye akatangulia mbele ya haki.

Miezi michache baada ya msiba huo alifungua vyumba vya juu kwa wasichana wanaosoma chuoni mjini. Leo wako watano, wengi wao wametoka visiwa vya kaskazini. Kila mmoja hulipa shilingi elfu tatu kwa mwezi, na chai ya asubuhi imo humo humo. Mchele na samaki vikishanunuliwa, hubaki kidogo sana.

Ukimuuliza kwa nini anajitaabisha hivyo, ana jibu moja. Huinua kidole kuelekea kwenye boriti za mikoko. "Mchwa, mwanangu. Boriti zaliwa. Nitazibadilisha na nini?"

Lakini wasichana wake wanajua kwamba nyumba hiyo ina sheria moja ya ajabu. Kabla ya kulala, kila mmoja sharti asimame juu ya ngazi na kuita, "Bi Umu, nalala!" Naye hujibu kutoka chini, "Lala salama!" Asiposikia sauti tano, hapandi kitandani.

"Mwanzo tulicheka," anasema Raihana, binti wa miaka ishirini kutoka Siyu. "Tulisema huyu bibi atuhesabu kama kuku. Lakini likizo tukienda kwetu, naye hufunga nyumba akenda Kipungani. Hakai humu peke yake hata siku moja."

Pembeni mwa ngazi hiyo, chokaa ya ukuta imebanduka mahali pamoja, kimo cha mtu aliyeketi chini. Nyumba nzima imepakwa chokaa mpya. Pale hapajaguswa.

Tatizo la sasa ni kwamba mtaa huu ni wa makazi ya familia. Nyumba ikigeuka kuwa ya kukodishwa wanafunzi, mwenyewe anahitaji ruhusa maalumu, na ruhusa haitoki kabla majirani hawajasikizwa. Bwana Khatib, afisa wa mipango anayeshughulikia ombi hilo, anasema neno la jirani wa ukuta mmoja lina uzito kuliko yote. "Akikataa huyo, mimi sina la kuandika," anasema.

Jirani wa ukuta mmoja ni Bi Fahima. Ruhusa ikikosekana, wasichana watano watatafuta pa kwenda katikati ya muhula, na Bi Umulkheir atabaki na nyumba tupu.

Kosa lililofunga kidirisha ni la Raihana, na yeye hakatai. Hapa mtaani mwanamume hapandi darini, sehemu ya juu ya nyumba iliyo wazi, kabla hajapiga hodi kwa sauti, ili wanawake walio kwenye nyua za jirani wajisitiri. Mwanamke halazimiki. Raihana amelelewa na desturi hiyo hiyo huko kwao, na jioni moja alipanda darini kimya kwa sababu yeye ni mwanamke.

Alikuwa na simu. Alijipiga video fupi akiwasalimu wenzake wa darasa, akaituma. Nyuma ya bega lake, chini uani, alionekana Hadia, mkaza mwana wa Bi Fahima, akikausha nywele zake kichwa wazi. Video ilizunguka kwa wavulana wa chuo hadi ikamfikia mumewe, Ammar.

"Nilijiona mimi ni mwanamke," anasema Raihana, macho chini. "Nikasahau kwamba simu si mwanamke. Simu yaona kwa mato ya ulimwengu mzima." Aliifuta na kwenda kuomba radhi. Mlango haukufunguliwa.

Tangu siku ya komeo, hofu imehamia kwenye nyumba hii. Msichana mmoja ameshafunga begi lake. Bi Umulkheir hushtuka mlango ukigongwa. Mahamri yameungua mara mbili, jambo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, halijatokea tangu aolewe. Kila alfajiri bado anakigonga kidirisha, na kila alfajiri anairudisha sahani mezani.

Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, Bwana Khatib anafika kusikiza majirani. Wanaume wanakaa kwenye viti vya mawe nje ya mlango. Wanawake wamesimama ndani ya kizingiti, mabuibui yamegusana. Bi Umulkheir ameshikilia mwimo wa mlango kama mtu aliye kwenye mashua.

Ammar anaanza. "Leo simu. Kesho wataleta televisheni nzima ituonyeshe twavyokula!"

"Nawe wala vizuri, watu wapate kujifunza," mzee mmoja anamtania, na kicheko kinapita. Ammar hacheki.

Raihana anaomba radhi mbele ya wote. Anaahidi kwamba hakuna simu itakayopanda darini tena, na kwamba hodi itapigwa hata na mwanamke.

Ndipo Bi Fahima anaposema. Hana ukali, na hilo ndilo linalotisha.

"Mtoto nimemsamehe. Lakini nyumba za familia ziwe za familia. Umu asema shida yake ni boriti. Haya, sisi majirani tutachanga. Wanangu watazibadilisha bila ujira. Wasichana nao watafutiwe pengine, kwa wema."

Minong'ono ya kukubali inazagaa. "Hilo ni neno," anasema mzee. Hata Ammar anatikisa kichwa kukubali.

Bwana Khatib anageukia mlangoni. "Bi Umulkheir, umepata ulichokuwa ukikitaka. Umeridhika?"

 Raihana anamtazama. Bi Umulkheir amepewa kila alichowahi kukiomba kwa kinywa chake, na uso wake umekuwa kama wa mtu aliyefukuzwa.

"Umu?" anaita Bi Fahima, taratibu. "Una nini, shoga?"

"Si boriti."

"Wasemaje?"

"Haikuwa boriti kamwe." Anauachia mwimo. "Somoe alikutwa maiti chini ya ngazi, kiatu mkononi. Alikuwa akipiga ukuta, Fahima. Ukuta wako. Chokaa imebanduka pale alipopiga. Mimi niko Kipungani arusini, na wewe uko hapa hapa, na hukusikia. Sikulaumu, wallahi. Mawe haya hayapitishi sauti. Lakini naogopa. Kila jua likitua naogopa. Siitaki michango yenu. Nataka wasichana hawa wabaki, nikiita pawe na mtu wa kunisikia."