Nilivyopeleka Majani ya Maharage Mbeya

Miaka ya sabini, baada ya kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, maharage ya mama yalianza kutuishia. Yalikuwa yale mekundu yenye michirizi, mbegu aliyoiacha marehemu baba, na huko mahameni, tulikohama, yalizaa bila kubembelezwa. Kijiji kipya kilikuwa bondeni, ukungu haubanduki asubuhi nzima, basi ugonjwa wa kutu ukayaingia. Msimu uliotangulia tulivuna kidogo mno, na mama akapanda mbegu yote iliyobaki. Yakifa na hayo, ndiyo mwisho. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na likizo ya Pasaka ilikuwa ndiyo imeanza. Nilitaka kulala. Mama hakuwa na habari na usingizi wangu.

"Yule rafiki yako wa Mbeya si anafanya kazi ya magonjwa ya mimea?" aliniuliza. "Mpelekee majani ayaone. Mimi huku naanza palizi. Nikiona shina lenye madoa nang'oa, lisiambukize mengine."

Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na kijiji kizima kilifanya vivyo hivyo. Nikachuma majani yenye vidoa na mengine ya kijani safi, nikayafunga kwenye gazeti lililoloweshwa maji.

Iringa mjini nilipanda basi alfajiri. Lami ya kwenda Mbeya bado ilikuwa ngeni, na abiria waliisifia kama vile wao ndio walioimwaga. Mafinga tulishuka tukiwa tunatetemeka, tukanywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati huku tukipuliza mvuke. Tangu hapo nimekunywa chai sehemu nyingi, na bado naitamani ile. Labda ninachokitamani ni ujana tu.

Makambako ilitupokea kwa upepo wake, kisha tukaanza kuteremka kuelekea Usangu na masweta yakavuliwa moja moja. Mzee mmoja aliyekuwa anarudi kwake Rujewa, kwenye mashamba ya mpunga, alikuwa amelitazama furushi langu njia nzima.

"Mwalimu, umebeba nini unachokilea hivyo?"

"Majani ya maharage, baba."

"Unayapeleka Mbeya, kwenye maharage yote yale?"

"Ndiyo."

"Basi ukirudi utubebee mchele utuletee Rujewa," akasema, na basi zima likacheka. Nilicheka nao, ingawa moyoni nilikasirika.

Mbeya nilifika jua likielekea kuzama, nikaenda moja kwa moja Mwanjelwa, kwenye chumba alichopanga huyo rafiki yangu, Subilaga. Tulisoma naye sekondari, vitanda vyetu vikiwa jirani bwenini. Alikuwa bado anacheka kwa kutikisa bega, kama zamani. Alinipikia wali na maharage, akaomba radhi kwamba ananilisha maharage mimi niliyekuja na majani yake. Tulizungumza mpaka mkaa ukawa majivu, na sikumbuki hata neno moja la maana tulilosema. Nilikuwa na furaha.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwenye maabara aliyofanyia kazi. Alikata kipande chembamba cha jani lenye vidoa, akakiweka chini ya hadubini, akaniita.

"Unaona seli za kahawia pale katikati? Zimekufa. Zimejiua zenyewe."

"Ndiyo kutu hiyo?"

"Hapana, mwenzangu. Kuvu wa kutu haishi kwenye seli iliyokufa, lazima anyonye iliyo hai. Jani hili limemtambua mapema. Seli aliyoigusa imekufa, naye akakosa chakula. Zilizo jirani zinatengeneza sumu ambayo siku za kawaida haimo kabisa."

Alinionyesha kioo alichodondoshea maji ya majani ya namna hiyo, kisha akaoteshea ukungu mweusi, kuvu wa aina nyingine, juu yake. Kioo chote kilikuwa cheusi kwa ukungu, isipokuwa duara moja jeupe lile tone lilipokaukia.

"Na hizo za jirani kwa nini nazo zisijiue?" niliuliza.

"Hapo ndipo kwenye akili. Zikijiua zote, kuvu atakufa na maharage yatakufa. Jani linatoa kafara seli chache, halafu linajizuia. Nani anatoa amri ya kuanza, nani ya kuacha? Wakubwa wangu wanabishana mpaka leo."

Kisha akaligeuza lile jani la kijani safi. Chini yake kulikuwa na vivimbe vidogo nisivyowahi kuviona.

"Hili halikumtambua. Anakula raha mustarehe. Siku si nyingi vivimbe vitapasuka, vumbi la kutu litoke liruke shamba zima. Kwenu mnang'oa yapi?"

Nikamkumbuka mama na palizi yake. Simu kijijini haikuwepo.

Basi la Iringa lilikuwa la siku iliyofuata. Subilaga alinisindikiza stendi akinishika mkono, hakutania. Chimala, Igawa, Makambako, zote zilipita nami nikizihesabu kama mgonjwa anayehesabu mabati ya wodi. Mafinga sikushuka.

Nyumbani nilimkuta mama shambani. Kando yake kulikuwa na lundo la mashina yaliyong'olewa, yamenyauka. Mistari michache ya juu ndiyo alikuwa hajaifikia.

"Kamwene, mama," nilimsalimu. "Weka jembe."

Nilimweleza. Hakuniamini, na mimi nisingejiamini. Nikamwambia asugue kwa kidole gumba jani la kijani alilolibakiza, upande wa chini. Kidole kikatoka na vumbi la rangi ya kutu. Akasugua lenye vidoa, kwenye mstari ambao hajaupalilia. Kidole kikatoka kisafi. Akarudia shina baada ya shina mpaka mwisho wa mstari.

"Kumbe nilikuwa nang'oa yale yaliyokuwa yananipigania," alisema.

Mistari ile ya juu ilitupa mbegu, na mbegu hiyo naipanda mpaka leo, mama akiwa ameshatutoka. Ninachokikumbuka zaidi ni jioni ile. Alikwenda kwenye lundo, akachambua yenye vidoa, akapiga magoti, akaanza kuyarudishia udongoni moja moja, akiyashindilia kwa viganja. Nilijua hayatashika. Nilichukua ndoo, nikaenda kumchotea maji.